Elfu Ishirini na Tano: Sarufi, Hisabati na Uainishaji wa Namba Kubwa katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyozitaja na kuziainisha namba nzima kubwa. Mifano yake mikuu ni idadi ya watu wa Zanzibar katika Sensa ya mwaka 2012, yaani 1,303,569, na kirai elfu ishirini na tano, ambacho huweza kusimamia 25,000 au 20,005. Inaonyeshwa kwamba utata huo hautokei kiholela. Hujitokeza pale tu ambapo hakuna mamia yanayofuata baada ya maelfu, na hupungua au kuongezeka kwa kutegemea ngeli ya nomino inayohesabiwa. Kihisabati, tofauti kati ya masomo mawili ya kirai kama hicho siku zote ni kigawe cha 999, na kwa sababu hiyo kipimo cha tisa hakiwezi kuufichua utata huo. Makala pia yanaeleza mofolojia ya istilahi shufwa, witiri, tasa, kigawe na kigawo, na kuonyesha kwamba matumizi ya laki na ya mpangilio wa kizidishi kabla ya elfu yanatosha kuziondoa tata zilizobainishwa.

1. Utangulizi

Kizimbani, katika kisiwa cha Unguja, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kisiwani humo palipopandwa mikarafuu mnamo mwanzo wa karne ya 19, katika shamba ambalo wanahistoria hulihusisha na Saleh bin Haramil al-Abri. Leo hapo ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar. Kilimo cha karafuu kilileta mahitaji mawili ya kuhesabu. Mikarafuu ilihesabiwa mmoja mmoja. Karafuu zenyewe zilipimwa kwa pishi wakati wa uchumaji na kwa frasila wakati wa kuuzwa, frasila moja ikiwa na ratli 35, yaani takriban kilo 16. Mhesabu miti na mpima karafuu walitumia maneno yaleyale ya namba, lakini sarufi haikuwahudumia kwa usawa.

Anayesema mikarafuu elfu ishirini na mitano ametaja miti 20,005 bila shaka yoyote. Anayesema mikarafuu elfu ishirini na tano, akizingatia kanuni za upatanisho, ametaja miti 25,000. Lakini anayesema frasila elfu ishirini na tano amemwachia msikilizaji namba mbili. Baina ya namba hizo mna frasila 4,995, ambazo ni ratli 174,825, yaani takriban tani 79 za karafuu.

Umuhimu wa suala hili hauishii katika bei za mazao. Sheria ya Uingereza ya Hati za Malipo ya mwaka 1882, ambayo ni chimbuko la sheria za hundi katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, inaelekeza kwamba pale maneno na tarakimu zinapotofautiana, maneno ndiyo yafuatwe. Kanuni hiyo inachukulia kwamba maneno ni thabiti kuliko tarakimu. Katika Kiswahili dhana hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo inaweza kuelezwa kwa uhakika iwapo sarufi na hisabati zitachunguzwa kwa pamoja.

2. Muundo wa jina la namba kubwa

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, wakiwamo 896,721 wa Unguja na 406,848 wa Pemba. Namba ya kwanza inaweza kutajwa kwa Kiswahili kwa njia zisizopungua nne:

(a) milioni moja, elfu mia tatu na tatu, mia tano sitini na tisa;
(b) milioni moja, mia tatu na tatu elfu, mia tano sitini na tisa;
(c) milioni moja, laki tatu, elfu tatu, mia tano sitini na tisa;
(d) laki kumi na tatu, elfu tatu, mia tano sitini na tisa.

Majina yote manne yamejengwa kwa vipengele vitatu. Cha kwanza ni neno la daraja: mia, elfu, laki au milioni. Cha pili ni kizidishi, yaani namba inayoeleza neno la daraja limerudiwa mara ngapi. Cha tatu ni ujumlishaji, ambao hufanywa kwa kuweka vipande sambamba au kwa kiunganishi na. Katika kirai elfu tatu, elfu ni neno la daraja na tatu ni kizidishi. Mpangilio huu unafuata sarufi ya kirai nomino cha Kiswahili, ambamo nomino hutangulia na kivumishi cha idadi hufuata, kama katika miti mitatu au nyumba tatu. Kwa hiyo elfu hapa si alama tupu ya hisabati, bali ni nomino ya ngeli ya I-ZI yenye kivumishi chake.

Historia ya maneno haya ya daraja ina tabaka kadhaa. Mia na elfu yametoka katika Kiarabu. Laki imetoka Bara Hindi, na milioni imetoka katika lugha za Ulaya. Chini ya tabaka hizi kuna maneno ya Kibantu, kama vile kikwi, lenye maana ya elfu, ambalo limehifadhiwa katika lahaja za kaskazini na katika ushairi wa kale. Laki ilistawi katika mazingira ya biashara yaliyowaunganisha Waswahili, Waarabu na Wahindi. Zanzibar yenyewe ilikuwa na rupia yake kuanzia mwaka 1908 hadi ilipoingia shilingi ya Afrika ya Mashariki mwaka 1936.

Tabaka hizi zimeacha mgongano kati ya maneno na uandishi wa tarakimu. Mkato wa kimataifa hugawa tarakimu tatu tatu: 1,303,569. Mgawo huo unalingana na (a) na (b). Uandishi wa Kihindi hukata baada ya tarakimu tatu za mwisho, kisha mbili mbili: 13,03,569. Mgawo huo unalingana na (d). Msomaji wa Kiswahili anayeandika kwa mkato wa kimataifa na kutamka kwa laki hulazimika kila mara kukata kundi la maelfu katikati: katika 303 huchukua 3 ya kwanza iwe laki, na 03 iliyobaki iwe elfu. Mwanafunzi anayejifunza thamani ya nafasi hukutana na mgongano huu anapohamisha namba kutoka maneno kwenda tarakimu.

3. Mahali utata unapozuka

Sababu ya utata ni kwamba Kiswahili hakina alama ya kuonyesha kizidishi kinaishia wapi. Katika elfu ishirini na tano, kizidishi chaweza kuwa ishirini na tano kwa ujumla wake, na namba ikawa 25,000. Chaweza pia kuwa ishirini peke yake, na tano ikawa nyongeza, na namba ikawa 20,005. Kiunganishi na hutumika ndani ya kizidishi na nje yake kwa umbo lilelile.

Hata hivyo, utata huu haupo kila mahali. Majina ya namba hufuata kanuni inayoweza kuitwa kanuni ya kushuka: vipande vinavyojumlishwa hupangwa kutoka kikubwa kwenda kidogo. Kanuni hii huondoa utata mwingi bila msemaji kutambua. Katika elfu tisini na sita, mia saba ishirini na moja, neno sita haliwezi kuwa nyongeza inayojitegemea, kwa kuwa linafuatwa na mia saba, ambayo ni kubwa kuliko sita. Kwa hiyo sita lazima liwe sehemu ya kizidishi cha elfu, na namba ni 96,721 tu.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa idadi ya watu wa Zanzibar. Jina (a) lina kirai elfu mia tatu na tatu, ambacho kikisimama peke yake kinasomeka 303,000 au 300,003. Kikifuatwa na mia tano sitini na tisa, somo la pili linaanguka. Lakini mwandishi wa ripoti akikadiria idadi hiyo kuwa 1,303,000 na kuandika milioni moja, elfu mia tatu na tatu, utata hurudi: msomaji anaweza kupata 1,300,003.

Kutokana na hayo, utata hujitokeza pale tu ambapo baada ya maelfu hakuna mamia yanayofuata. Namba zinazoathirika zaidi ni zile zilizokamilishwa kwa maelfu, na hizo ndizo zinazotawala katika bei, mishahara, bajeti, kodi na mikataba. Namba yenye tarakimu nyingi zisizo sufuri hujilinda yenyewe kwa urefu wake. Namba ya mviringo haina kinga hiyo.

Kizidishi kikiwa na vipande vitatu, masomo huongezeka. Kirai elfu mia tatu na hamsini na tatu kinaweza kuwa 353,000, au 350,003, au 300,053, kutegemea kizidishi kinakatwa wapi. Lugha ya sokoni huongeza jambo jingine: udondoshaji wa elfu. Mfanyabiashara asemaye laki mbili na hamsini kwa kawaida anamaanisha 250,000, ilhali sarufi kavu ingetoa 200,050. Udondoshaji huu una mantiki yake, kwani unafuata mfano wa laki mbili na nusu, ambamo nusu hupimwa kwa laki na si kwa moja. Ni salama baina ya watu wanaoijua bei ya kitu. Katika maandishi yatakayosomwa na asiyekuwapo, si salama.

4. Upatanisho wa kisarufi kama kinga

Katika namba ambatani za Kiswahili, tarakimu ya mwisho hupatana na nomino inayohesabiwa: watu ishirini na watano, vitabu ishirini na vitano, miti ishirini na mitano. Kanuni hii hutenganisha masomo mawili ya kirai tata. Katika watu elfu ishirini na watano, kiambishi wa- kinaonyesha kwamba tano inahesabu watu moja kwa moja, kwa hiyo ni watu 20,005. Katika watu elfu ishirini na tano, umbo tano linapatana na elfu, kwa hiyo zinazohesabiwa ni elfu 25.

Kinga hii ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa ngeli. Maumbo ya ngeli ya I-ZI katika wingi, yaani mbili, tatu, nne, tano na nane, ni sawa kabisa na maumbo ya kuhesabia bila nomino. Kwa kuwa elfu iko katika ngeli hiyo, nomino nyingine ya ngeli hiyohiyo haiwezi kutofautishwa nayo. Shilingi, frasila, ratli, pishi, tani, kilo, ekari na nyumba zote ni za I-ZI. Vipimo na fedha, yaani vitu vinavyoandikwa zaidi katika mikataba, ndivyo visivyo na kinga.

Mpaka wa pili ni wa tarakimu zenyewe. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya upatanisho. Sita, saba na tisa, ambazo asili yake ni Kiarabu, hazipokei. Ndiyo maana katika idadi za Sensa ya 2012 upatanisho unaonekana kwa Unguja (watu laki nane, elfu tisini na sita, mia saba ishirini na mmoja) na kwa Pemba (watu laki nne, elfu sita, mia nane arobaini na wanane), lakini hauonekani kwa Zanzibar nzima, ambayo jina lake linaishia kwa sitini na tisa.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuhesabiwa. Virai vya umbo elfu K na J, ambamo K ni mojawapo ya makumi tisa, kuanzia kumi hadi tisini, na J ni mojawapo ya namba moja hadi tisa, ni 9 × 9, yaani 81. Kila kimoja kina masomo mawili. Nomino ikiwa ya I-ZI, vyote 81 vina utata. Nomino ikiwa ya A-WA, U-I au KI-VI, upatanisho huondoa utata katika virai 54, vile vinavyoishia kwa tarakimu sita zinazopokea viambishi. Hubaki virai 27, vinavyoishia kwa sita, saba na tisa: watu elfu tisini na sita bado ni 96,000 au 90,006.

Hapa linaonekana jambo la kihistoria. Kikwi ni nomino ya KI-VI. Kwa kanuni za upatanisho, vikwi ishirini na vitano ingekuwa 25,000, na vikwi ishirini na tano ingekuwa 20,005. Kuingia kwa elfu katika nafasi ya kikwi hakukubadili msamiati tu. Kulihamisha neno la daraja kutoka ngeli yenye alama bayana kwenda ngeli isiyo na alama, na hivyo kukaondoa upambanuzi ambao sarufi ya Kibantu ingeutoa bila gharama.

5. Sifa za kihisabati za jozi tata

Namba mbili zinazotokana na kirai kimoja zina uhusiano maalumu. Katika elfu K na J, somo la kwanza ni 1,000 × K + 1,000 × J. Somo la pili ni 1,000 × K + J. Tofauti yake ni 999 × J. Kwa J = 5, tofauti ni 4,995, kama ilivyoonekana katika frasila za karafuu. Matokeo haya yanahusu pia virai virefu: 353,000 na 350,003 zinatofautiana kwa 999 × 3, na 353,000 na 300,053 zinatofautiana kwa 999 × 53. Hata laki mbili na hamsini inafuata kanuni hii: 250,000 kutoa 200,050 ni 49,950, yaani 999 × 50.

Kwa kuwa 999 ni sawa na 3 × 3 × 3 × 37, namba mbili za jozi tata hutoa baki moja zinapogawanywa kwa 3, kwa 9, kwa 27 na kwa 37. Hili lina athari ya kivitendo. Kipimo cha tisa, kilichojulikana kwa wanahisabati walioandika kwa Kiarabu katika Zama za Kati, hukagua ujumlishaji kwa kulinganisha baki za kugawanya kwa 9, na baki hiyo hupatikana kwa kujumlisha tarakimu. Kwa mfano, tarakimu za idadi ya Unguja, 896,721, zina jumla ya 33, na baki ni 6. Za Pemba, 406,848, zina jumla ya 30, na baki ni 3. Jumla ya baki ni 9, ambayo ni sawa na baki 0. Tarakimu za 1,303,569 zina jumla ya 27, na baki yake ni 0. Ujumlishaji umethibitika kwa kiasi ambacho kipimo hicho kinaruhusu.

Lakini kipimo hichohicho kikitumiwa kukagua kama karani aliyesikia elfu ishirini na tano ameandika namba iliyokusudiwa, hakitasaidia. Tarakimu za 25,000 na za 20,005 ni zilezile, 2 na 5 pamoja na sufuri, na jumla yake ni 7. Kosa la kusoma limehamisha tarakimu bila kuibadili. Kipimo cha kumi na moja, kinachojumlisha na kutoa tarakimu kwa kupokezana kuanzia kulia, kinaweza kulifichua: 25,000 ina baki 8, na 20,005 ina baki 7. Kwa virai vyote 81 baki hizo mbili hutofautiana, kwa kuwa 999 × J haigawanyiki kwa 11 kwa J yoyote kati ya 1 na 9.

Uainishaji nao hutofautiana sana ndani ya jozi moja. 25,000 ni shufwa. Ni zao la 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5, na ina vigawo 24. 20,005 ni witiri. Ni zao la 5 × 4,001, ambamo 4,001 ni namba tasa, na ina vigawo vinne tu: 1, 5, 4,001 na 20,005. Mpanzi mwenye mikarafuu 25,000 ana njia nyingi za kuipanga kwa safu zilizo sawa. Mwenye 20,005 ana chache mno.

6. Istilahi za uainishaji na mofolojia yake

Shufwa na witiri ni istilahi za kale. Asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya kilicho jozi na kilicho pweke, ambayo hutajwa pamoja katika Kurani, sura ya Al-Fajr, aya ya tatu. Kwa Mswahili Mwislamu, witiri ilijulikana kwanza kama swala yenye idadi ya rakaa isiyogawanyika kwa mbili, kabla ya kuwa istilahi ya darasani. Istilahi hizi kwa hiyo ziliingia katika hisabati zikiwa tayari na maana mahususi ya idadi.

Tasa ina njia tofauti. Kiarabu huiita namba ya aina hii kwa neno lenye maana ya ya kwanza. Kiswahili hakikukopa wala kutafsiri neno hilo, bali kilitumia sitiari ya kutozaa: namba tasa ni ile isiyotokana na kuzidishwa kwa namba nyingine ndogo kuliko yenyewe. Sitiari hiyo huonekana vizuri katika kitalu cha miche. Ikichukuliwa mathalani miche 601 ya mikarafuu, haiwezi kupangwa katika safu zilizo sawa isipokuwa safu moja ndefu, au safu 601 zenye mche mmoja mmoja. 601 ni tasa, na 241 pia ni tasa.

Namba hizo mbili zimo ndani ya idadi ya watu wa Zanzibar ya mwaka 2012, kwani 1,303,569 = 3 × 3 × 241 × 601. Vigawo vyake ni 12: 1, 3, 9, 241, 601, 723, 1,803, 2,169, 5,409, 144,841, 434,523 na 1,303,569. Kwa uainishaji wa kawaida, namba hii ni witiri, si tasa, na ni kigawe cha 9.

Istilahi kigawo na kigawe huwachanganya wanafunzi kwa kuwa zinatofautiana kwa irabu moja, lakini irabu hiyo ina maana ya kudumu katika unyambuaji wa Kiswahili. Kiambishi tamati -o huunda nomino za kifaa au cha kutendea: ziba hutoa kizibo, na funika hutoa kifuniko. Kigawo ni kile kinachotumika kugawa. Kiambishi tamati -e huunda nomino za kilichotendwa: umba hutoa kiumbe, tuma hutoa mtume, na teua hutoa mteule. Kigawe ni kile kinachogawiwa. Kwa hiyo 241 ni kigawo cha 1,303,569, na 1,303,569 ni kigawe cha 241. Mwalimu anayefundisha Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) kwa kutaja kizibo na kiumbe ana kanuni ya lugha mkononi, wala hahitaji kutegemea kukariri vifupisho.

Bado kuna eneo ambalo istilahi hazijatulia. Tangu Wagiriki wa kale, namba nzima zimeainishwa pia kwa kulinganisha namba na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Jumla hiyo ikilingana na namba, kama 6 (1 + 2 + 3) na 28, namba huhesabiwa kuwa imetimia. Ikizidi, namba ni ya ziada. Ikipungua, namba ni pungufu. Kwa 1,303,569, jumla ya vigawo vidogo kuliko yenyewe ni 590,323, hivyo namba hii ni pungufu. Tatizo la istilahi liko kwa namba iliyotimia. Neno linalokuja haraka ni kamili, lakini namba kamili tayari inatumika kwa namba zisizo na sehemu, chanya na hasi. Namba timilifu ingeepusha mgongano huo. Vilevile, kinyume cha tasa hutajwa kwa ukanushi tu, namba isiyo tasa, ingawa namba za kundi hilo zina muundo wake na zinastahili jina lake.

7. Nyenzo za kuondoa utata

Lugha yenyewe tayari ina nyenzo tatu za kuondoa utata wa virai vya namba. Ya kwanza ni laki. Laki ikitumika, kizidishi cha elfu hakizidi 99, na virai vya namna ya elfu mia tatu na tatu huondoka: 303,000 huwa laki tatu na elfu tatu, na 300,003 huwa laki tatu na tatu. Sharti lake katika maandishi rasmi ni kutoidondosha elfu: laki mbili na elfu hamsini, si laki mbili na hamsini.

Ya pili ni kutanguliza kizidishi: ishirini na tano elfu. Umbo hili halisomeki 20,005, kwa kuwa elfu imefunga kizidishi upande wa kulia. Lina udhaifu wake namba inapoendelea, kwani katika ishirini na tano elfu mia tatu msikilizaji huweza kusikia kwanza elfu mia tatu kabla ya kanuni ya kushuka kumrekebisha. Kwa hiyo linafaa pale jina linapoishia kwa elfu. Pale mamia yanapofuata, elfu itangulie, kwani huko utata haupo. Kanuni hiyohiyo inafaa kwa milioni, ambayo ina virai 81 vya aina ileile: ishirini na tano milioni haina utata, milioni ishirini na tano inao.

Ya tatu ni upatanisho, kwa nomino zisizo za I-ZI. Nyenzo hii inastahili kusisitizwa katika ufundishaji, kwani anayeandika watu elfu ishirini na tano akimaanisha 20,005 hajakosea mtindo tu, bali ametaja idadi nyingine. Neno tu, linaloandikwa mwishoni mwa kiasi katika hundi na stakabadhi, halimo katika nyenzo hizi. Huzuia kuongezwa kwa maneno baada ya kiasi, lakini haligusi mpaka wa kizidishi kilichomo ndani.

8. Hitimisho

Jina la namba kubwa katika Kiswahili ni kirai nomino chenye kichwa, kivumishi na upatanisho, na utata wake hufuata mipaka ya kirai hicho. Umo katika namba za mviringo, katika nomino za fedha na vipimo, na katika tarakimu sita, saba na tisa hata pale nomino inapokuwa na kinga. Hisabati inaonyesha kwamba kila jozi tata imetenganishwa na kigawe cha 999, na kwamba ukaguzi kwa tisa hauwezi kuitambua. Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Baraza la Kiswahili la Taifa yana nafasi ya kuweka mwongozo mmoja mfupi kwa waandishi wa mikataba, hundi, ripoti na vitabu vya kiada: laki itumike pamoja na elfu iliyotajwa, na kizidishi ambatani kitangulie elfu au milioni pale jina linapoishia hapo. Kwa mwongozo huo, frasila ishirini na tano elfu za karafuu zitabaki kuwa 25,000 kwa muuzaji, kwa mnunuzi na kwa hakimu.